Nilivyosema Bondeni Hakuna Mtu

Makambako, Jumamosi, Oktoba. Jua kali, upepo umejaa vumbi, kichwa kinanigonga upande wa kushoto.

Mlikuwa wapi?

Nawauliza ninyi mnaosoma hapa. Tangu mwezi wa saba hakuna hata mmoja aliyeacha neno chini ya maneno yangu. Eliza amenifungulia nikaangalia kwa macho yangu: peupe. Mmekaa Dar es Salaam, mmekaa Mbeya, mna kompyuta za ofisi mnachezea karata, na kumpitia mama yenu dakika mbili kunawashinda. Aibu yenu. Mngekuwa karibu ningewavuta masikio mpaka mlie, kisha ningewapikia viazi na maharage sufuria nzima, maana najua mmekonda.

Haya, kaeni. Leo sina cha kuwachekesha.

Kwa mgeni anayefika leo: mimi ni Mama Festo. Shule sikuingia hata siku moja. Eliza ni binti yangu wa mwisho, anafanya kazi kwenye duka la intaneti hapa njia panda. Mimi nasema, yeye anabonyeza. Nimemkataza kuninyooshea maneno. Leo tangu tumeanza ananitazama kichwani, hatazami kioo cha kompyuta, nimemwambia atazame kioo.

Nimeshonwa nyuzi saba.

Aliyenipasua ni wifi yangu, Mama Zawadi, dada wa marehemu mume wangu. Alikuwa na haki.

Nianze na bonde, maana wengine wenu mmezaliwa mjini hamjui. Kwetu, ukitoka Makambako unaelekea Njombe halafu ukakata kulia, ni vilima na mabonde. Vilimani tunalima mahindi ya mvua. Mvua ikikatika tunashuka bondeni kufungua vinyungu. Kinyungu ni shamba la kiangazi. Unafyeka majani, unageuza udongo uyafunike yaozee humo ndani, unainua matuta marefu, unachimba mifereji maji yapungue. Mwezi wa nane umepanda. Krismasi ikifika, ghala limekwisha na mahindi ya juu bado hayajafika magotini, wewe unakula mahindi mabichi ya bondeni. Wengi wenu mmekulia juu ya hayo mahindi, msijifanye hamkumbuki.

Halafu mvua kubwa inakuja na bonde linarudi kuwa la maji. Majani yanaota juu ya matuta, ng'ombe wanaingia. Mtu akipita mwezi wa tano anaona majani. Atasema hapa hapajawahi kuguswa na mkono.

Mwezi wa tano ndio aliokuja Rehema.

Alikuja na gari jeupe na dereva. Binti wa Tanga, mwembamba, kajifunga ushungi, miguuni buti za kiume. Alinikuta nachunga ng'ombe wangu wawili pale bondeni, peke yangu. Akanipa shikamoo nzuri ya magoti, mtoto aliyelelewa. Akatoa karatasi kubwa, akaikunjua juu ya nyasi akaikandamiza kwa mawe. Akasema wanachora ramani ya kanda za ikolojia. Wapi msitu ni msitu, wapi ni nyasi, wapi ni mashamba, na wapi maji yanazaliwa. Picha imepigwa na setilaiti kutoka angani, na yeye ametumwa kuhakikisha kwa miguu kama picha inasema kweli.

Nikatazama. Nchi yetu yote ilikuwa nyekundu.

Nikamuuliza, "Mwanangu, nani amewachinja watu wote hawa?"

Akacheka. Akasema kile chombo kinaona mwanga ambao jicho halioni, na majani mabichi yanautoa kwa wingi, kwa hiyo wanaupaka rangi nyekundu uonekane. Penye uhai mwingi panakuwa pekundu zaidi. Akanionyesha misindano, ile miti ya mbao ya kilimani, nyekundu iliyoiva kama maini. Akanionyesha bonde letu, jekundu moja, limetandazwa kama nyama kwenye banda la mchinjaji. Hakuna mstari ndani yake, hakuna kiraka.

Kisha akauliza. Taratibu, kwa heshima, na kalamu mkononi.

"Bibi, hapa bondeni analima nani?"

Nikamwambia, "Hakuna mtu."

"Hata kiangazi?"

"Hata kiangazi."

Akainama akapapasa chini ya majani. "Na haya matuta, bibi?"

"Fuko."

"Fuko?"

"Fuko. Wapo wengi huku kwetu."

"Bibi, tuta hili nimelipima, lina hatua thelathini na limenyooka."

"Fuko wa kwetu wana bidii."

Dereva alicheka mpaka akakohoa. Rehema hakucheka. Alinitazama kidogo, akatazama tuta, akatazama karatasi yake nyekundu. Karatasi ilisema kama nilivyosema mimi. Akaandika. Akashika kile kidude chao kinachoitwa GPS, kama simu isiyo na wa kumpigia, kikalia mara moja, akaondoka.

Sikumwambia mtu. Ningesimulia nini? Kumficha ukweli mtu mwenye kalamu kwangu mimi ni kama kufunga mlango jioni. Mkono unafanya wenyewe.

Na nitawaambia kwa nini, ingawa Festo hajawahi kulisikia na sasa atalisoma humu.

Nilipokuwa mke kijana alikuja mtu na daftari. Mpole, kofia mkononi. Akaniuliza mashamba yenu ni yapi. Nilikuwa na majivuno ya ndoa mpya. Nikamhesabia kwa vidole: lile letu, na lile, na kinyungu kile bondeni, na kile kingine. Akashukuru. Wiki iliyofuata wakaja mgambo alfajiri kudai kodi. Mume wangu alikimbilia kwenye mahindi, wakamtoa wamemshika miguu kama mbuzi, wakampiga rungu la goti. Goti moja tu. Mlio wake ninao mpaka leo. Alichechemea miaka yake yote, akazikwa akichechemea. Na mpaka anakufa hakujua nani aliwapa hesabu ya mashamba yake.

Kwa hiyo, hakuna mtu. Hakuna shamba. Fuko.

Ramani ilirudi mwezi wa tisa. Haikuja na Rehema. Ilikuja na watu wa mradi mmoja wa kulinda vyanzo vya maji, ambao sijui waliitoa ofisi gani. Bonde letu lilikuwa limepakwa bluu. Mwenyekiti wa kijiji alisimama akatusomea: ardhi oevu ya asili, haina watumiaji, kuanzia leo hakuna kulima. Vinyungu vyetu vilikuwa vimeshapandwa. Mahindi yalikuwa na majani manne manne.

Watu wakapiga kelele. Haina watumiaji, kwani sisi ni nyani? Nani kawaambia? Mwenyekiti akainua mikono, akasema ramani imesema.

Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nilifunga mdomo.

Nilifunga mdomo wiki tatu. Nilienda kanisani nikaimba. Nilipalilia kinyungu changu na wifi akipalilia chake, mfereji mmoja katikati yetu. Kila siku alinitukania mchora ramani, mama yake na bibi yake, na mimi nikaitikia.

Jumanne hii wakaja.

Ukungu ulikuwa bado chini. Tulisikia kabla hatujaona. Mahindi mabichi yakikatwa kwa panga yanalia kama kitambaa kinachochanwa, na tulisikia kitambaa kirefu kinachanwa kutoka chini ya bonde kuja juu kwetu. Mgambo kumi na wawili, wamejipanga mstari, wanafyeka. Mahindi, maharage, kila kitu. Viazi waling'oa na kuvikanyaga. Mmoja alikuwa anapiga mluzi.

Wifi alijitupa juu ya tuta lake, akalikumbatia. Wakamshika miguu wakamburuta, na mikono yake ikaburuta mahindi. Festo wangu akatoka mbio akamshika mmoja mkono wenye panga. Festo ana nguvu, mnamjua. Wakamwacha amshike, halafu watatu wakamjia kwa nyuma na marungu. La kwanza mgongoni. La pili begani. La tatu aliinua mkono kulikinga, na nikasikia mfupa.

Mlio ule ule.

Sijui nilivukaje mfereji. Nilikuwa na jembe. Yule aliyempiga alikuwa amenipa mgongo. Nasema kweli yote: nilitaka kumpiga kwa makali. Mpini uligeuka mkononi tu kwa sababu ya tope, nikampiga kwa ubapa, katikati ya mabega, akaanguka kifudifudi ndani ya mfereji. Nikamrukia nikamkalia. Mimi si mwepesi. Uso wake ulikuwa majini, mikono yake inapiga matope huku na huku, na mimi nilishika kisogo chake kwa mikono miwili nikakandamiza.

Sikutaka atoke.

Hilo sijalisema kanisani. Nalisema hapa. Sikuwa nimechanganyikiwa, nilikuwa naona kila kitu vizuri, hata mapovu niliyaona, na nilikuwa nasubiri yaishe.

Wifi ndiye aliyenitoa. Alinishika nywele akanivuta, anapiga kelele sikioni, "Mama Festo, mtoto wa watu huyo! Utamuua mtoto wa watu!" Tukaanguka wote wawili. Yule mgambo akainuka anatapika maji ya tope. Alikuwa na ndevu tatu kidevuni. Rika la Eliza. Alilia waziwazi mbele ya wenzake akisema mama, mama, na sijui alikuwa anamwita nani.

Waliondoka saa nne. Bonde lilinuka maziwa ya mahindi mabichi. Festo tulimpakia kwenye baiskeli kumpeleka kufungwa mkono. Njia nzima mdomo nilikuwa nao na sikuufungua.

Alhamisi Rehema akaja.

Hakuitwa na mtu. Alisikia huko alikokuwa, akachukua gari lile lile na dereva yule yule. Akawakuta watu mbele ya ofisi ya kijiji, wamekaa tangu asubuhi, wengine na bandeji, wengine na pombe ya komoni kichwani. Gari halijasimama vizuri, mtu akasema, "Ndiyo huyo mwenye ramani."

Jiwe la kwanza lilipasua kioo cha mbele. Dereva akaruka akakimbilia ofisini kwa mwenyekiti akajifungia, wakabaki wawili humo ndani wanashikilia mlango. Jirani yetu Batweli, ambaye maharage yake yote yalikatwa, akapasua magurudumu mawili kwa panga, gari likakaa kama ng'ombe aliyepigwa. Rehema alishuka mwenyewe. Alitaka kusema na watu, masikini. Walimshika ushungi wakamvuta nao. Kofi, ngumi, teke. Walikuwa wanawake, na niwaambie, wanawake wa kwetu wanapiga kuliko mgambo. Mmoja alishaanza kuuliza mafuta ya taa yako wapi.

Rehema alikuwa anapiga kelele kitu kimoja tu. "Niliuliza! Niliuliza, nikaambiwa hakuna mtu!"

"Muongo! Nani alikuambia?"

"Sema jina, nani?"

Walimwinua kwa nguo wakamsimamisha aseme. Mdomo umepasuka, damu imeshuka mpaka kwenye kola. Akazungusha macho kwa watu. Akanifikia.

Alinijua. Niliona ananijua.

Akaendelea kuzungusha macho mpaka mwisho wa watu. Akasema, "Sikumbuki."

Wakampiga tena.

Mimi nina miaka sitini na kitu. Nimezaa tisa, nimezika wanne. Sijawahi kufanyiwa kitu kama hicho na mtu nisiyemnyonyesha.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikapita katikati ya watu kwa viwiko, nikapanda bampa ya gari, nikasema kwa sauti ile ninayoitia ng'ombe.

"Mwacheni! Ni mimi niliyemwambia! Mimi!"

Wifi alikuwa chini yangu kabisa, mkononi ana nusu tofali aliyokuwa ameiandaa kwa ajili ya Rehema.

"Wewe nani?" akasema, kana kwamba hanijui.

"Mimi, wifi."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia hakuna anayelima."

"Na matuta? Hakuona matuta?"

"Aliyaona. Nilimwambia ni fuko."

Kuna mmoja nyuma aliyecheka. Mmoja tu, kicheko kikamtoka, halafu akajifunika mdomo.

Wifi akanipiga.

Hakurusha. Alipiga nalo lile tofali, kwa mkono, upande huu wa kushoto, na jicho lake ndani ya jicho langu. Nilisikia kichwa kinafunguka. Sikuanguka, mnajua uzito wangu, nilikaa juu ya boneti na damu ikaja usoni yote kwa mara moja, ya moto. Akainua tena. Nikamwambia, "Piga, wifi." Mkono ukabaki juu. Akalitupa tofali, akakaa chini mavumbini akalia kilio cha msiba, kile cha kujishika kichwa.

Halafu akainuka, akafungua kanga yake ya juu, akaichana kwa meno.

"Mbwa wewe," akaniambia. "Mchawi. Muuaji wa watoto. Inama nikufunge. Inama, unanimwagia damu miguuni, mjinga wewe, inama."

Nikainama.

Festo alikuwa amesimama pembeni, mkono umefungwa kwa mbao shingoni. Nilimtafuta kwa jicho lililokuwa bado linaona. Alinitazama muda mrefu. Hakuwa na hasira, ningependa awe na hasira. Kisha akageuka akaenda nyumbani.

Rehema alikuwa ameachiwa. Alipiga magoti akatoa ramani ndani ya gari, akaikunjua chini, maana alikuja kuisahihisha, kinyungu kwa kinyungu, na mtoto yule hajui kuacha kazi. Nikashuka kuangalia. Damu yangu ikadondoka matone matatu kwenye ramani, pale palipoandikwa Wanging'ombe. Akarukia ushungi wake ulioraruka akafuta ramani haraka haraka.

"Wewe mtoto," nikamwambia, "hata pole?"

"Pole, bibi. Lakini nakala ninayo moja tu."

Tukacheka, yeye na mdomo wake, mimi na kichwa changu. Watu wakatutazama wakaona tumerukwa na akili.

Basi tukashuka bondeni, kijiji kizima, fimbo bado mikononi. Sikuweza kutembea sawasawa, wifi akanishika kiuno, bado ananitukana. Mahindi yamelala njano. Rehema akaanza chini kwenda juu. Kila kinyungu anasimama kwenye pembe, anainua kile kidude anakingoja kisikie setilaiti, anauliza.

"Hiki cha nani?"

"Changu! Batweli! Andika, Batweli wa marehemu Yohana!"

"Unapanda mwezi gani?"

"Wa nane! Mwezi wa kwanza nimeshatoka!"

"Mvua ikija?"

"Nayaachia maji!"

Akaandika. Kila mtu alitaka jina lake liandikwe mara mbili. Walewale waliokuwa wanatafuta mafuta ya taa walikuwa wanamshikia karatasi isipeperuke.

Alitueleza kosa lake pia, hakujificha nyuma ya langu. Picha waliyotumia ni ya mwezi wa tano, kwa sababu masika mawingu yanafunika nchi na mwisho wa kiangazi ni moshi wa watu wanaochoma mashamba. Mwezi wa tano mbingu ni safi. Lakini mwezi wa tano ndio bonde letu limelala. Alisema walifanya kama mtu anayemkuta mwenzake usingizini akaandika amekufa. Sasa atatafuta picha za mwezi wa kumi za miaka iliyopita, hata zenye moshi, aziweke pembeni ya ile. Wekundu ukikatika vipande vipande, udongo huku, majani kule, ujue hapo pana jembe. Lakini picha haijui majina wala miezi. Hayo yanatoka kinywani mwa watu.

Tukafika juu kabisa, mwisho wa bonde, kwenye kinyungu changu.

Hapo ndipo penye chemchemi. Rehema akasimama, akatazama maji, akanitazama mimi. Akashusha sauti wengine wasisikie.

"Bibi, zamani kinyungu chako kiliishia wapi?"

Ningeweza kusema kimekuwa hivi tangu mama mkwe wangu. Hakuna aliye hai wa kunibishia. Na nyumbani kulikuwa na Festo na mkono uliovunjika kwa ajili ya vinyungu hivi hivi, na hiki alijua atakirithi.

Nikamwonyesha. Kiliishia pale kwenye mawe. Hizo hatua arobaini za juu nimeziongeza mimi, kidogo kidogo, tangu nchi ilipofunguliwa kwa biashara na malori ya Dar es Salaam yakaanza kugombania viazi hapa Makambako. Kila mwaka tuta moja. Niliukata ule mti unaotunza maji uliokuwa pale, niliupasua kuni. Na ndiyo, maji yamepungua. Wanawake wa chini wanajua yamepungua, hawajui kwa nini. Mimi najua.

"Una uhakika, bibi? Nikiandika hivi, kipande hiki kitabaki bluu. Na pengine chote, kwa sababu kimezunguka jicho la maji."

"Andika."

"Bibi."

"Andika, mtoto. Nimeshapigwa tofali, kalamu haitaniua."

Kidude kikalia mara moja.

Nimejiuliza siku mbili hizi kama nilifanya kwa ajili ya maji, au kwa ajili ya yule mtoto aliyesema hakumbuki. Sijui. Pengine nilichoka tu kuwa mtu ambaye kila akifungua au akifunga mdomo mfupa wa mtu unavunjika.

Mwisho wa mwezi huu kuna kikao Njombe mjini. Watakaa watu wa mradi, watakaa wachora ramani, na ramani itakayotoka hapo ndiyo itakayobaki. Kinyungu chenye jina na miezi yake kitachorwa kuwa shamba la msimu, mwenye nacho ataachiwa alime. Kisicho na jina ni majani. Rehema amesema wazi, hataweza kutetea kisicho na jina.

Na tulivyopita Alhamisi nilihesabu vinyungu tisa vimekaa kimya. Tulisimama kwenye pembe, Rehema akauliza cha nani, na watu wakatazamana. Ni vyenu. Ninyi mlio Dar es Salaam, Mbeya, na huko kwingine. Baba zenu wamekufa, mama zenu tumewazika, matuta yapo chini ya majani yanawangoja na hakuna anayejua mpaka unaanzia mfereji upi. Nilitamani nijibu badala yenu. Nilikataa. Nimeshajibu badala ya watu mara ya kutosha.

Jana nilimpikia Festo uji nikampelekea kitandani. Alikunywa. Nilimwambia kile kinyungu kimekwenda, na nikamwambia nani amekitoa. Akaweka kikombe chini kwa mkono wake mzima, akageukia ukutani. Nilikaa pale mpaka mchana. Mgongo wake unafanana na wa baba yake. Leo nikitoka hapa napanda gari narudi kukaa tena, na kesho baada ya ibada nitakaa, na keshokutwa. Akitaka kunitukana anitukane. Mimi si wa kwenda popote.

Wifi yuko nje ya duka hili, amekaa juu ya gunia. Amekataa nije mjini peke yangu na kichwa kimepasuka. Bado hajanisamehe, ameniambia nisifikiri.

Eliza anasema dakika zinakwisha. Basi sikilizeni.

Mkija tena hapa, msiniandikie pole ya kichwa, kichwa kitapona. Kila mmoja aandike jina lake, jina la baba yake, kinyungu chao kilipakana na nani juu na nani chini, na mwezi gani walikuwa wanaingia na kutoka. Usiyejua, mpigie simu shangazi yako leo hii umuulize. Eliza atachapa yote, nitayabeba mwenyewe mpaka kwenye kikao. Andika hayo kwanza, halafu ndiyo unisalimie.